Matanga ya Bonde la Ukindu

Nimekaa matanga mengi katika umri wangu, lakini ninayojivunia ni yale ya msiba uliokosa maiti. Wajukuu zangu wakinisikia nasema hivyo huangua kicheko, wanadhani bibi yao ameanza kuchanganyikiwa. Wacheke tu. Tusingelia siku zile, mimi nisingekuwa na nyumba hii wanayokaa na kunichekea ndani yake.

Yalitokea Temeke, miaka ile baada ya vita vya pili vya dunia, Mwingereza yupo bado na hana dalili ya kufunga mizigo. Temeke ya wakati huo usiidhanie mji. Ilikuwa mashamba ya mihogo na minazi, nyumba za udongo hapa na pale, na njia ya mchanga iliyokuwa ikielekea Chang'ombe. Kando ya njia hiyo palikuwa na bonde lenye maji mwaka mzima. Chini yake mikindu ilishikana hata mwenzako akikutangulia hatua chache humwoni tena. Juu kidogo ilisimama mivule na mikoche. Pongo walishuka kunywa maji alfajiri, minana walitundika viota vyao kwenye makuti, na komba walikuwa wezi wakubwa wa tembo la wagema. Wagema walikuwa wakiwatukana kila asubuhi, lakini sikumbuki hata mmoja aliyempiga komba. Walisema mlevi hampigi mlevi mwenziwe.

Mimi nilikuwa nimeachwa. Nalisema neno hilo bila kulifunika kawa. Mume wangu alinipa talaka, akanirudisha na sanduku langu na wanangu wawili, na kaka yangu aliyekuwa Kinondoni akaniita nikakae kwake. Nikaenda. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba ya kaka ni ya mke wa kaka, na wifi yangu alikuwa akinipimia hata chumvi. Nikipika alionja, nikifagia alirudia kufagia. Wanangu wakaanza kula wakiwa wameinamisha vichwa. Hicho ndicho kilichonichoma zaidi ya talaka yenyewe.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuja kunichukua. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mrefu, mguu mmoja ukimsumbua, na mdomo usiojua kupumzika. Aliingia kwa kaka yangu, akanywa uji aliopewa, akaweka kikombe chini, akasema, "Mwanangu huyu ana mikono miwili mizima. Nyumba ya wifi si mahali pa mtu mwenye mikono. Nakwenda naye." Hakuna aliyembishia. Nadhani wifi yangu alitamani hata kumbebea sanduku.

Temeke nikafundishwa ukindu. Shangazi alinionyesha namna ya kukata kuti changa kabla halijafunguka, kulichemsha, kulianika, kulitia rangi, kulichana, kusuka ukili, ule mshipi mrefu, na hatimaye kuushona uwe mkeka. Vidole viliniuma mpaka nikawa natia tonge mdomoni kwa kiganja. Lakini mkeka wangu wa tatu uliuzwa Kariakoo kabla sijautandika chini. Baada ya misimu michache nilikuwa nimesimamisha nyumba yangu mwenyewe, ya miti na udongo, makuti juu, vyumba viwili na uwani. Wanangu wakarudi kula wakiwa wameinua vichwa. Kwa hiyo mtu akiniambia bonde, mimi nilikuwa nasikia nyumba yangu.

Bonde lile lilikuwa na miiko yake, na walioishika miiko ni wanawake. Mkindu wenye makuti machanga mawili unakatwa moja, la pili linaachwa. Mkindu wenye kiota cha mnana hauguswi mpaka makinda yaruke. Mti mkubwa haukatwi kabisa, maana kivuli chake ndicho kinachoshika maji. Anayevunja miiko hapigwi wala hatozwi kitu. Anaimbwa. Nawaambia kuimbwa ni kubaya zaidi. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekata makuti yote mawili kwa uroho, na wimbo wake ulichezewa ngoma mpaka mjukuu wake alipoolewa.

Basi akaja tajiri wa matofali. Mji ulikuwa unatanuka, watu wanataka nyumba za kudumu, na yeye aligundua kwamba udongo wa bonde letu unafyatuka vizuri, na kuni za kuchomea tanuri ziko hapo hapo. Alikwenda kwa jumbe wetu. Jumbe akapeleka habari bomani kwamba bonde ni pori tupu lisilo na mwenyewe. Ruhusa ikatoka.

Tulikwenda kwa jumbe, wasusi wote, tukamkuta barazani kwake. Shangazi akamwuliza, "Jumbe, huo mkeka ulioukalia ulitoka wapi?"

"Kwenu," akasema.

"Na ukindu wake?"

Jumbe akajizungusha kwenye mkeka. "Mama, mie nimeulizwa bonde la nani. Nikasema halina mwenyewe. Nimesema uongo? Nani kati yenu ana mwenyewe wa kunionyesha? Nendeni mkasuke."

Tukarudi nyumbani. Usiku ule nilipiga mahesabu yangu yote na kila nilipofika, nilijikuta niko Kinondoni, nimesimama na chumvi kiganjani mbele ya wifi yangu. Nilikuwa tayari kuomba, kulia, kumpiga mtu, chochote. Lakini sikujua nianzie wapi.

Asubuhi tulisikia mvule wa kwanza ukianguka. Mti mkubwa ukianguka ardhi hukuambia kabla ya masikio. Tulikimbia bondeni, tukakuta vibarua wa yule tajiri wameshika mashoka, minana wanazunguka juu wakipiga kelele, na mnyapara wao amekaa juu ya gogo anakunja tumbaku. Nilitaka kumrukia. Shangazi akanishika mkono.

"Sikia wanavyosemezana," akaninong'oneza.

Nikasikiliza. Walikuwa wakisemezana Kinyamwezi, wote. Sikuona jambo lolote la ajabu katika hilo. Wanyamwezi walikuwa wengi Dar es Salaam, wengine wajukuu wa wapagazi wa zamani, wengine wametoka bara juzi kutafuta kazi. Lakini shangazi alikuwa tayari anatabasamu, tabasamu lile ambalo ukiliona unarudi nyuma.

"Hawa watani zetu," akasema. "Tukigombana nao watatushinda, wana mashoka. Tukiwasihi watasema wametumwa. Lakini je, tukifiwa?"

Kwa asiyejua, nieleze. Sisi ni Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana hukasiriki, anakunyang'anya kofia humdai. Lakini utani una mizigo yake, na mzigo mkubwa ni msiba. Mtani wako akifiwa, unaacha kazi yako. Unakwenda. Unachimba kaburi, unachekesha wafiwa, unawaibia chakula, unalala kaburini ukidai kitu ndipo utoke. Mtani anayesikia kilio cha mtani wake akaendelea na kazi zake, aibu yake itafika Tabora kabla ya yeye mwenyewe.

Shangazi alirudi nyumbani akafunga kaniki, nguo nyeusi ya msiba. Nasi tukafunga kaniki. Tukabeba mikeka, masufuria, unga, maharage, tukashuka bondeni tukiwa tumefuatana. Tukatandika mikeka kuuzunguka ule mvule ulioanguka. Kisha shangazi akakaa, akanyoosha ule mguu wake mbovu, akaachia kilio. Wallahi, nimesikia watu wakiwalilia waume zao wa kweli bila kilio kama kile. Na mimi nikalia. Sikuhitaji kujilazimisha, niliikumbuka nyumba yangu tu, machozi yakaja yenyewe.

Mashoka yakanyamaza. Vibarua wakatazamana. Mnyapara alishuka kwenye gogo, akavua kofia, akatusogelea taratibu.

"Poleni, watani," akasema. "Kafa nani?"

"Huoni?" shangazi akamjibu kwa sauti ya kilio. "Yuko hapo kalala. Mmemkata miguu wenyewe, halafu mwauliza jina lake!"

Mnyapara aliutazama mvule, akatutazama sisi, akautazama tena mvule. Akaelewa. Nilimwona akielewa, na niliona kicheko kinampanda kutoka tumboni. Lakini mtani mzuri haharibu msiba kwa kuuhoji. Akageuka kwa wenzake, akapaza sauti, "Wekeni mashoka chini! Wazaramo wamefiwa na mti. Nilijua hawa watu watatutia aibu siku moja, lakini hii sikuitegemea!"

Wakaweka mashoka chini, wote.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Watani wakija msibani wanakula. Na hawali kama wageni, wanakula kama watani: wananyang'anya. Kabla ugali haujaiva vizuri walikuwa wamebeba sufuria na kukimbia nalo. Maharage tuliyotegemea yatufikishe mwisho wa matanga yaliisha jua halijafika utosini. Mnyapara alikuja na mwiko akijifanya mke wa marehemu, anadai urithi wake ni ugali. Tulicheka mpaka kaniki zikatuvuka, nasi tuko kwenye kilio! Lakini chini ya kicheko nilikuwa na hofu, kwa sababu niliona wazi: siku tutakayokosa cha kuwalisha, msiba umekwisha, na mashoka yatainuka.

Basi ukaanza mchango wa unga Temeke nzima. Wanawake ambao hawajawahi kusuka hata kipepeo cha kupepea moto walileta mihogo. Wagema walileta nazi, na nadhani walileta na kingine wakakificha vichakani, maana jioni vibarua walikuwa wakiimba kuliko kawaida. Shangazi alitoa kila kilichokuwamo nyumbani kwake. Nilimwona akikung'uta debe lake, na nikamwambia abakize.

"Msiba haubakizi," akanijibu.

Siku ya pili alikuja mwalimu wa chuo, mtu wa heshima aliyewasomesha wanangu Kurani. Tulimwamkia shikamoo naye akaitikia kwa uso uliokunjamana. "Mnaulilia mti?" akauliza. "Mama, huku ni kumshirikisha Mungu na mti."

Shangazi akamjibu kwa adabu zote. "Mwalimu, hatujasoma hitima. Hatujauombea mti dua. Hatujachinja. Tumekaa tu kwenye mikeka yetu, tunasikitika. Kukaa nako kuna dhambi?"

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, naye aliogopa kuharamisha kitu ambacho hakijaharamishwa. Mwishoni akasema, "Kukaa hakuna dhambi." Halafu akaangalia huku na huku, akavua viatu, akakaa pembeni ya mkeka wetu. Alikaa pale mpaka sala ya adhuhuri. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea.

Tajiri alikuja na gari lake, akakuta tanuri halijaanza, mashoka yamelala, na wafanyakazi wake wanakula ugali wa watu. Akamwita mnyapara kwa ukali.

"Kwa nini hamkati?"

"Kuna msiba, bwana."

"Kafa nani?"

"Bwana, mie mtani tu. Sie tunaitwaga kula na kuchimba. Mambo ya marehemu waulize wenyewe."

Tajiri akatuuliza. Tukalia. Akauliza tena. Tukalia zaidi. Akaapa atakwenda bomani atuletee askari. Akaenda kweli, na hilo ndilo kosa lake, kwa sababu aliyekuja hakuwa askari. Alikuja Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa boma, Mwingereza mwembamba mwenye kofia pana, pamoja na karani wake, na jumbe wetu akiwa amevaa kanzu mpya.

Bwana Shauri alizungumza Kiswahili cha kusoma, kila neno limepigwa pasi. Alitutaka tunyamaze, tukanyamaza. Akauliza swali moja tu: bonde hili ni la nani?

"Halina mwenyewe, bwana," jumbe akasema haraka.

"Kama lina mwenyewe nitalinunua," tajiri akadakia. "Mimi si mwizi. Mwenyewe ajitokeze, tupatane bei."

Ndipo mzee mmoja wa Temeke, nadhani kwa nia njema, akanyoosha fimbo yake. "Kama lina mwenyewe, ni mama huyu. Babu yake ndiye aliyefyeka kwanza hapa. Kaburi lake liko pale juu, kwenye mkoche. Sote twajua."

Kweli, sote tulijua. Mimi nilijua pia, ila sikuwahi kulifikiria kwa namna hiyo. Bwana Shauri akamgeukia shangazi. "Mama, ni kweli? Ukisema ni lako, nitaandika kuwa ni lako. Ukitaka kumuuzia bwana huyu, ni hiari yako."

Nilimtazama shangazi, mjane, paa lake linavuja, mguu wake unataka daktari, debe lake la unga tupu. Alikuwa hana mtoto wa kumzika. Neno moja tu lingetosha, "langu", angekaa raha mpaka siku yake ya mwisho, na hakuna mtu Temeke ambaye angethubutu kumlaumu. Mimi mwenyewe nisingemlaumu. Ningefunga sanduku langu nikaenda Kinondoni, na nisingemlaumu. Tajiri alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Shangazi alijishika kwenye gogo la mvule, akasimama.

"Si langu, bwana," akasema. "Babu yangu alifyeka akala, akafa akazikwa. Hakuondoka nalo. Mie hapa ni mfiwa kama hawa wenzangu, na mfiwa haulizwi bei."

"Basi ni la nani?"

"La anayeteka maji. La anayekata kuti moja na kuliacha la pili. La pongo anayekunywa alfajiri, maana yeye alifika kabla ya babu yangu. Ukiniandika mie peke yangu, bwana, mie kesho nitakufa, na bwana huyu atakuja na bei yake kwa mwanangu huyu hapa." Akanionyesha kwa kidole mbele za watu. "Na mwanangu huyu ana shida, atauza."

Wanawake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nikiwa nalia. Watani wakapiga makofi. Hata karani aliinamisha uso. Bwana Shauri hakucheka, wala hakukasirika. Aliliangalia bonde kwa muda, kisha akashuka mwenyewe mpaka kwenye maji, viatu na soksi zake ndefu na vyote, akatokomea kwenye mikindu. Tulisikia kwarara, wale ndege wa majini, wakiruka na kulalamika. Alipopanda alikuwa ameloa mpaka magotini.

Akasema bonde litabaki la watu wote, hatapewa mtu mmoja. Matofali yatafutiwe udongo mwingine, njia ya kwenda Pugu. Jumbe ataweka alama za mpaka, na miiko ya wanawake ndiyo itakayofuatwa humo. Labda alitusikia. Labda aliona tu kwamba pale ni majimaji, na tanuri haliwaki kwenye maji. Sijui, na sipendi kumpamba mtu kwa sifa nisizozijua. Ninachojua ni kwamba alikuja kuliandika bonde kwa jina la mtu mmoja, akaondoka hakuliandika kwa jina la yeyote.

Mnyapara alikuja kuaga. Alisema marehemu kafufuka, kwa hiyo sisi Wazaramo tumewadanganya, na chakula walichokula hawatarudisha. Shangazi akamwambia waende salama, na wajihadhari wasijefiwa wao, kwa maana tutakwenda kulipiza. Wakaondoka wakiimba, mashoka mabegani, kwenda kukata kuni mahali pengine kwa tajiri yule yule.

Tulikunja mikeka. Njiani nilitembea nyuma ya shangazi, nikimwangalia anavyochechemea, na nilikuwa nimejaa fahari. Nilikuwa mtoto wa kaka yake tu, lakini siku ile nilitaka kila tuliyepishana naye ajue kwamba huyu ni wangu. Nilitaka kumwuliza alifikiri nini pale aliposimama, kama hata kwa nukta moja alitamani kusema lile neno. Sikupata namna ya kuliuliza.

Tulipofika mlangoni kwangu akasimama, akaegemea ukuta wa nyumba yangu kupumzisha mguu. Akatazama huku na huku kuhakikisha hakuna anayesikia, akashusha sauti.

"Mwanangu," akasema, "kwako umebaki unga kidogo? Kwangu sina cha kupika leo."